SOMO: Kutenganisha sauti na picha kwenye video bila kushusha ubora

Nimechoka kujibu hili PM. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia uzi huu.

Ndani ya MP4 au MKV, picha na sauti kila moja imejitegemea. Kuzitenganisha hakuhitaji kuzibana upya. Tunatumia FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri.

1. Sakinisha. Wa Android, ingia Termux (app ya kuandikia amri): `pkg install ffmpeg`, kisha `termux-setup-storage` ili ifikie mafaili ya simu.

2. Nenda kwenye folda la video kwa `cd`.

3. Chungulia: `ffprobe harusi.mp4`. Neno linalofuata baada ya `Audio:` (aac, opus, mp3, ac3) likumbuke.

4. Toa sauti:
`ffmpeg -i harusi.mp4 -vn -c:a copy sauti.m4a`

Wengi wanakwama hapa. `-vn` inaacha picha, `copy` inahamisha sauti kama ilivyo. Kwa hiyo mkia wa jina la faili uendane na ulichokiona hatua ya 3: aac ni .m4a, opus ni .opus, mp3 ni .mp3. Ukichanganyikiwa weka .mka, inapokea karibu kila kitu. Ukilazimisha .mp3 wakati ndani ni aac, itagoma. Sasa mtu akiona imegoma anafuta `-c:a copy`, inakubali, anashangilia. Ndugu, hapo imebana upya na ubora umeshuka! Na kubadili jina la .m4a kuwa .mp3 kwa mkono hakubadilishi kitu. Ikikuuliza kama iandike juu ya faili la zamani, usibonyeze y kwa mazoea.

5. Picha tupu: `ffmpeg -i harusi.mp4 -an -c:v copy picha.mp4`

MASWALI

Mdau1: Mkuu imegoma.
Mleta somo: Imegoma ikisemaje?
Mdau1: No such file or directory.
Mleta somo: Jina lina nafasi. Lifunge kwa alama za kunukuu: `"harusi ya dada.mp4"`.

Chap_chap: Hakuna app ya kubonyeza tu?
Mleta somo: Zipo. Fungua uzi wake.

Redio_ya_gari: Gari langu linasoma mp3 tu.
Mleta somo: Hapo kubana upya hakukwepeki: `ffmpeg -i harusi.mp4 -vn -c:a libmp3lame -q:a 2 wimbo.mp3`.

Mwanakwaya: Tulirekodi kwa OBS (programu ya kurekodi), MKV ina sauti mbili, ya mixer na ya maiki ya ukumbini. Naitoaje ya pili peke yake, niisafishe kelele?
Mleta somo: Swali zuri. Hesabu inaanzia sifuri, kwa hiyo ya pili ni 1: `ffmpeg -i kwaya.mkv -map 0:a:1 maiki.wav`. Nimekupa WAV makusudi, Audacity (programu ya kuhariri sauti) inaifungua bila shida. Ukimaliza, ihifadhi kama safi.wav, kisha rudisha:
`ffmpeg -i kwaya.mkv -i safi.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac mpya.mp4`
Ila usikate mwanzo wa sauti hata kidogo, midomo itapishana na maneno.
Mwanakwaya: Imekubali! Nikiwatumia WhatsApp inaharibika.
Mleta somo: Tuma kama dokumenti. Ukituma kama video, inabanwa.