Kuanza Udereva wa Malori ya Safari Ndefu Bila Kuipoteza Nyumba Yako

Ninaishi Uyole, Mbeya, na kwa miaka 14 nimeendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam, Mbeya, Tunduma na nchi jirani. Vijana wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe huniuliza namna ya kupata leseni ya magari makubwa, lakini ni wachache mno wanaouliza watabakije kuwa wazazi na wenzi wa ndoa baada ya kuipata. Mpangilio wa mwongozo huu ndio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo, na ndiyo maana hauanzi na leseni.

Hatua ya 1: Kaeni kikao nyumbani

Kabla ya kulipa ada ya chuo, keti na mwenzi wako mhesabu usiku ambao hutalala nyumbani. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, na lori haliruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa, wala 50 kwenye makazi ya watu, hivyo ukijumlisha vituo vya mizani vya kupimia uzito wa malori, kupakia na kushusha, safari ya kwenda na kurudi hunichukua takribani wiki moja. Safari ya kupeleka mzigo Lubumbashi, Kongo, na kurudi na shaba imewahi kunichukua mwezi mzima. Mwenzi wako aijue hesabu hii mapema, kwa sababu ndiye atakayempeleka mtoto hospitali usiku na ndiye atakayekuwakilisha kwenye misiba. Kubalianeni pia nani ataamua mambo ya fedha simu yako isipopatikana. Mimi na mke wangu tulichelewa kufanya kikao hiki, tukaja kukifanya baada ya ugomvi, na ninaamini kingekuwa chepesi zaidi kama tungekitanguliza.

Hatua ya 2: Leseni, mafunzo na hati za safari

Malori makubwa yanahitaji leseni ya daraja E. Usikimbilie semi, yaani lori la kuvuta tela refu, moja kwa moja. Anza na Canter au Fuso za mazao, kwa mfano zinazobeba viazi na mbao kutoka Makambako na Mafinga, ili mikono izoee uzito. Mafunzo ya magari makubwa hutolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, yaani NIT, na pia na vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Ukipata nafasi ya kuwa utingo wa dereva mwenye subira, ichukue hata kama malipo ni madogo, kwa maana kufunga maturubai, kukagua matairi na kusoma karatasi za mzigo ni mambo yanayojifunzwa kwa kuyashika.

Kwa safari za nje utahitaji pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usisubiri kuchanjwa siku ya kuondoka. Cheti hicho usikichanganye na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari.

Hatua ya 3: Mkataba wa maandishi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba uwe wa maandishi iwapo mfanyakazi atafanya kazi nje ya Tanzania, na inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 katika kila mzunguko wa miezi 12. Dereva anayekubali makubaliano ya mdomo na tajiri wake atapata shida kuyadai mambo yote mawili, na familia yake ndiyo inayobeba hasara. Hakikisha mkataba unatenganisha mshahara na posho ya safari, na uulizie michango ya NSSF. Kisha panga mshahara uingie kwenye akaunti ambayo mwenzi wako anaweza kuitumia, wewe uishi barabarani kwa posho peke yake. Mpango huu umeituliza nyumba yangu kuliko simu zote nilizowahi kupiga.

Hatua ya 4: Jifunze milima kabla ya kuvuka mpaka

Nyanda za Juu Kusini hazimsamehi dereva anayetegemea breki peke yake. Ukiteremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, au Inyala, au Iwambi kuelekea Mbalizi, punguza mwendo na uweke gia nzito, yaani ya chini, ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza, kisha uiache injini ishike gari kwa breki yake yenyewe. Anayeanza kutafuta gia katikati ya mteremko anaweza kubaki bila gia yoyote, na lori lenye uzito wa tani 56, ambacho ndicho kikomo cha jumla kwenye mizani zetu, likishashika kasi halimsubiri mtu. Mguu unaokaa juu ya breki muda mrefu huzipasha moto hadi zipoteze nguvu, na kuzipigapiga mfululizo humaliza upepo kwenye matangi. Kwa hiyo bonyeza kwa uthabiti, mwendo upungue, uachie zipoe, ndipo ubonyeze tena. Ukiona moshi magurudumuni, simama mahali salama na usione haya kuchelewa.

Fanya angalau mwaka mzima wa Mbeya na Dar es Salaam kabla ya kuomba safari za Zambia au Kongo. Mwaka huo utakufundisha njia, nao utaifundisha familia yako kukusubiri, kwa kuwa kutengana kwa wiki moja kunazoeleka kwa urahisi kuliko kutengana kwa mwezi.

Hatua ya 5: Usiahidi tarehe

Hapa ndipo nilipokosea vibaya zaidi. Nilimwahidi binti yangu kwamba ningekuwepo kanisani siku ya kipaimara chake, nikiwa nimebakiza kuvuka Tunduma tu. Karatasi za mzigo zilikuwa na kasoro iliyofanywa na wakala, nikakaa upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia, siku tisa, zaidi kidogo ya kilometa 100 kutoka nyumbani, huku nikipokea picha za sherehe kwenye simu. Mtoto hakulia, aliacha tu kuniuliza ningerudi lini, na ukimya ule uliniumiza kuliko machozi.

Tangu hapo ninasema kipindi badala ya tarehe: “Nitafika kati ya wiki hii na ijayo.” Nikivuka Tunduma napiga simu, nikipita mizani ya Mpemba napiga tena, na ni hapo tu ndipo ninaposema saa. Kwa jambo lisilorudiwa, kama kipaimara, mahafali au mke kujifungua, siombi safari fupi. Naomba siku za likizo kwa maandishi mwezi mmoja kabla, ili nianze kusubiri nikiwa tayari nyumbani.

Hatua ya 6: Jambo unalolipenda lipande nalo kabini

Mimi huimba sauti ya besi kwenye kwaya, na mwanzoni nilidhani kazi hii ingeninyang'anya uimbaji. Mwalimu wetu alikubali kunirekodia sehemu ya besi peke yake kwa simu. Ninaisikiliza nikiwa nimeegesha, ninaandika nota za do-re-mi kwenye daftari, kisha ninajiunga na wenzangu kwenye mazoezi ya wiki za mwisho kabla ya Pasaka na Krismasi. Siimbi kila Jumapili, na nimelikubali hilo. Mwenzangu mmoja hubeba ubao wa bao, na kwenye foleni ya mpakani hapungukiwi wachezaji. Kama unapenda mpira wa timu au ufugaji, tafuta wa kushirikiana naye, kwa sababu kuku na wachezaji wenzako hawawezi kukusubiri wiki tatu.

Hatua ya 7: Siku ya kurudi na daftari la usiku

Ukifika nyumbani, lala kwanza. Tulikubaliana kwamba siku ya kwanza haitakuwa na wageni, hesabu za madeni wala adhabu za watoto zilizohifadhiwa kwa ajili ya baba. Siku ya pili ninapika mimi, wali wa Kyela na maharage, na watoto wananisimulia yaliyopita kwa mpangilio wanaoutaka wao.

Mke wangu ana daftari anamoandika kila usiku niliolala nje. Kila baada ya miezi sita tunalifungua pamoja, na hesabu ikizidi kiwango tulichokubaliana, namwandikia tajiri kuomba njia ya Dar es Salaam kwa miezi mitatu inayofuata. Nimeshaandika barua kama hiyo mara nne. Mara tatu nilikubaliwa. Mara ya nne nilikataliwa, nikahamia kwa tajiri mwingine, na barua ya kuacha kazi tuliiandika wote wawili, mezani kwetu Uyole.