Kufundisha mlipuko wa kipindupindu kwa punje za mahindi

Mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Kisumu ameambiwa "nawa mikono" tangu chekechea. Ukianza somo kwa maneno hayo umeshampoteza. Mpe fumbo kwanza.

Hatua ya 1. Chora mtaa wa kubuni kwenye karatasi ya manila: nyumba 20, visima viwili, kibanda cha chai. Usiuite Nyalenda wala Manyatta. Watoto wa huko wamo darasani, na vijana hawakawii kuchekana kwa sababu ya vyoo.

Hatua ya 2. Kila kikundi kipewe orodha ya wagonjwa na nyumba zao, pamoja na konzi ya mahindi. Mgonjwa mmoja, punje moja. Punje zikirundikana karibu na kisima kimoja, kuna atakayeruka na kusema amepata jibu.

Hatua ya 3. Usimkubalie upesi, maana utamu wa somo uko hapa. Leta taarifa mpya: wahudumu wa kibanda cha chai, kando kabisa ya kisima hicho, ni wazima. Nyanya mmoja anayeishi mbali ameugua. Waache wabishane hadi mtu aulize wanakunywa nini. Wahudumu hunywa chai tu. Nyanya huletewa mtungi na mjukuu wake wa boda kwa kuwa anayapenda maji ya kisima kile.

Ndipo uwasimulie ya London mwaka 1854. Daktari John Snow alishuku pampu ya Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani walinusurika, kwani walikunywa bia. Mjane wa Hampstead, aliyekuwa akipelekewa maji ya pampu hiyo, alifariki. Mpini wa pampu uliondolewa, ingawa Snow mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua.

Hatua ya 4. Hesabu. Huenda punje ni nyingi pale kwa sababu watu ni wengi. Wagawanye: waliokunywa maji ya kisima kile, waliougua ni 18 kati ya 30, asilimia 60; wasiokunywa, 2 kati ya 50, asilimia 4.

Hatua ya 5. Sasa zungumzia kuchemsha maji, klorini na choo. Malizia kwa kukoroga dawa ya kuzuia upungufu wa maji mwilini: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Waonje: chumvi isizidi ya machozi. Mgonjwa huinywa akiwa njiani kwenda hospitali, si badala ya kwenda. Ikilala hadi kesho, mwaga.