Namna ya kupima mafanikio ya chuo kikuu kilichohamia konferensi mpya ya michezo

Chuo kikuu cha Marekani kikihama konferensi, yaani umoja wa vyuo vinavyogombea ubingwa wao kwa wao, mashabiki huhesabu ushindi wa msimu wa kwanza na kutoa hukumu. Hesabu hiyo peke yake hupotosha.

Anza kwa kuchora jedwali. Weka misimu mitatu ya kabla ya kuhama na mitatu ya baada. Kama ya baada haijatimia, andika juu ya jedwali kwamba hukumu ni ya muda. Chukua mechi za ndani ya konferensi tu, kwa sababu wapinzani wa nje chuo huwachagua chenyewe, na wengine huwa vibonde. Kisha gawanya nafasi ya timu kwa idadi ya timu zilizomo. Nafasi ya 4 kati ya timu 10 ni 0.40, nafasi ya 6 kati ya timu 18 ni 0.33. Namba ikiwa ndogo, timu imesogea juu, kwa hiyo huyo wa sita amefanya vizuri zaidi ingawa msimamo unaonyesha kinyume.

Kazi ngumu ni ratiba, na hapo ndipo wengi huteleza. Konferensi zimekuwa kubwa kiasi kwamba timu hazikutani zote. SMU, chuo kikuu cha Dallas, Texas, ilipoingia konferensi ya ACC mwaka 2024, timu yake ya futiboli ya Kimarekani ilishinda mechi zote 8 za konferensi. Ni jambo kubwa, hasa kwa chuo kilichokubali kukaa miaka 9 bila mgawo wa fedha za televisheni za konferensi hiyo. Lakini katika mechi hizo 8 haikukutana na Clemson wala Miami, timu kali za konferensi hiyo. Ilipokutana na Clemson kwenye fainali ya konferensi ilifungwa 34-31. Kwa hiyo pitia wapinzani mmoja mmoja, uhesabu wangapi walimaliza nusu ya juu ya msimamo na timu yako ilivuna nini dhidi yao. Rekodi dhidi ya hao ndiyo yenye uzito.

Angalia pia saa. Chuo Kikuu cha Oregon kiko Eugene, magharibi kabisa mwa Marekani, na tangu 2024 kinacheza konferensi ya Big Ten. Mechi inayoanza saa sita mchana huko Ann Arbor, Michigan, kwenye saa za mashariki, kwa mwili wa mchezaji wa Eugene ni saa tatu asubuhi. Tenga safu ya ugenini kwa mechi zinazovuka kanda tatu za saa. Usiishie kwenye futiboli, ambayo husafiri mara chache kwa msimu. Wanaoumia zaidi ni wachezaji wa voliboli na softiboli, wenye mechi nyingi na masomo yanayowasubiri.

Sasa tafuta sababu kabla ya kuisifu konferensi. Timu ya futiboli ya chuo cha Arizona State ilimaliza 2023 kwa ushindi 3 na vipigo 9. Mwaka uliofuata ikaingia konferensi ya Big 12, ikatabiriwa kushika mkia kati ya timu 16, kisha ikachukua ubingwa kwa kuilaza Iowa State 45-19. Je, ni konferensi? Kocha Kenny Dillingham alikuwa kwenye msimu wake wa pili, na Sam Leavitt, mrusha mipira aliyetoka Michigan State, ndiyo kwanza alikuwa amefika. Andika mabadiliko ya kocha na wachezaji waliohamia kando ya kila msimu, la sivyo utaipa konferensi sifa isiyo yake.

Kwa chuo kizima, tumia msimamo wa Directors' Cup, tuzo ya jumla ya vyuo, unaokusanya pointi za michezo mingi. Bingwa wa taifa huleta 100. Texas, katika mwaka wake wa kwanza kwenye konferensi ya SEC, ilipoteza fainali ya futiboli ya konferensi mbele ya Georgia kwa 22-19, ila wasichana wake wa softiboli wakatwaa ubingwa wa taifa 2025. Anayetazama futiboli peke yake hawaoni mabinti hao.

Chuo kinachopanda kutoka Divisheni ya Pili kwenda ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, kina hesabu yake. Kwa miaka mingi kipindi cha mpito kilikuwa miaka 4 bila ruhusa ya kucheza mashindano ya taifa ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Mwaka 2025 kikapunguzwa hadi 3 kwa wanaotimiza masharti. Ukikuta timu imetwaa ubingwa wa konferensi na jina lake halimo kwenye orodha ya mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu, kagua kwanza tarehe iliyoanza mpito.