Mgebuka ndani ya chupa: namna ya kupata nafasi ya utafiti ya kiangazi kwenye makumbusho ya historia asilia

Mama yangu aliuza samaki kwenye soko la kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa miaka kumi na minne. Dagaa kwa kopo, migebuka wa kukaushwa, na siku gari la Kigoma likiwahi, sangala. Mimi nilikaa pembeni yake nikichambua ungo. Kiangazi cha 2022 nilisimama kwenye chumba cha baridi, nyuma ya makumbusho makubwa ya hapa Marekani, nikashusha chupa kutoka rafuni. Ndani alikuwa mgebuka. Ule weupe wake wa kung'aa ulikuwa umekwisha, spiriti ilimgeuza rangi ya chai kavu, lakini nilimjua kabla sijasoma lebo.

Naandika kwa ajili ya wadogo zangu mlioletwa huku mkiwa watoto, sasa mko chuoni mnasomea baiolojia, jiolojia au mazingira, na kila likizo mnarudi kiwandani kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna kazi nyingine. Ipo. Unafanya utafiti kwa wiki 8 hadi 10 chini ya mwanasayansi wa makumbusho, unalipwa posho, na mara nyingi unapewa nauli na mahali pa kulala.

Wengi tunayajua makumbusho kwa ule upande wa wageni tu, mifupa ya dinosaria na watoto wa shule kwenye foleni. Kazi yenyewe iko nyuma ya milango. Makumbusho ya historia asilia ya Smithsonian, Washington, yana vielelezo (wanyama, mimea, mawe na vitu vingine vilivyohifadhiwa kwa utafiti) zaidi ya milioni 140, na wanachoonyeshwa wageni ni chembe tu ya hivyo. Vingine viko kwenye madroo, makabati na chupa, vikisubiri mtu mwenye swali. Wale simba wawili wa Tsavo waliowaua wafanyakazi wa reli mwaka 1898 wako Chicago, kwenye Field Museum, tangu miaka ya 1920. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha matokeo ya DNA waliyoitoa kwenye manywele yaliyonasa katika meno ya simba hao: kulikuwa na twiga, pundamilia, nyumbu, na binadamu. Meno hayo yalikaa humo miaka mia hadi swali lilipopata kifaa chake.

Anza na karatasi zako

Nafasi nyingi za aina hii hulipiwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, kupitia programu za utafiti kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza zinazoitwa REU. Fedha za NSF ni kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama bila sababu. Ukiwa umeingia kama mkimbizi, ukishatimiza mwaka mmoja nchini unatakiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Najua familia ambazo fomu imekaa juu ya friji miaka mitatu kwa sababu kila mtu yuko zamu. Ishusheni hiyo fomu. Mimi kadi yangu ilinifikia Novemba, na mwezi wa mwisho wa maombi ulikuwa Januari. Ilibaki kidogo nikose.

Kama uko hapa kwa viza ya mwanafunzi, pesa ya NSF haikuhusu, lakini makumbusho huwa na nafasi nyingine zinazolipiwa na wafadhili wengine. Smithsonian, kwa mfano, hupokea maombi ya aina nyingi kupitia mfumo wao uitwao SOLAA. Kabla hujakubali chochote, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako uulize kuhusu kibali cha kufanya kazi nje ya chuo. Usianze siku hata moja bila kibali hicho mkononi.

Na wewe wa chuo cha jamii, yaani community college, usijitoe. REU inawapokea, na programu nyingi zinawatafuta hasa. Mimi niliomba nikiwa mwaka wa pili kwenye chuo cha jamii huko Iowa, nikifanya zamu ya usiku kiwanda cha nyama. Kinachokataza ni kuwa umeshamaliza digrii ya kwanza: ukihitimu Mei, kwa kawaida kiangazi hicho hukipati tena.

Tafuta vielelezo kabla ya kutafuta fomu

Tovuti ya NSF ina ukurasa wa kutafutia programu za REU kwa somo. Anza Oktoba, maana tarehe za mwisho huangukia zaidi Januari na Februari. Hakikisha programu ipo mwaka huo. Fedha zikikatwa nafasi hufutwa, kama wengi walivyoona 2025. Tazama Smithsonian, American Museum of Natural History ya New York, Field Museum ya Chicago, California Academy of Sciences ya San Francisco, na usiyasahau makumbusho yaliyo ndani ya vyuo vikuu, ambako waombaji huwa wachache.

Halafu fanya jambo ambalo kwangu ndilo lililofungua mlango. Ingia kwenye tovuti ya GBIF. Ni bure, na makumbusho ya dunia nzima yameweka humo kumbukumbu za vielelezo vyao. Andika jina la mahali pako: Uvira, Kigoma, Baraka, Kasulu, Mombasa, popote. Utaona nani ana nini kutoka kwenu, amekusanya nani, mwaka gani. Mimi niliandika Tanganyika usiku mmoja baada ya zamu, na orodha ya samaki wa ziwa letu ikajaa kwenye simu, kila mmoja na namba yake na makumbusho yake. Nililia kidogo. Kisha nikachukua daftari.

Barua

Mwaka wa kwanza niliandika hivi: "Tangu nikiwa mtoto nimekuwa nikiipenda sana sayansi na ningependa kupata uzoefu." Niliituma sehemu tano. Nne zilikataa, ya tano haikujibu.

Mwaka wa pili nilianza hivi: "Mama yangu huweza kumtenga sangala mdogo na mgebuka akiwa gizani, kwa kumshika mgongo tu. Wote ni wa jenasi ya Lates, ambayo Ziwa Tanganyika lina spishi nne zisizopatikana kwingine. Ningependa kujua kama tofauti anayoihisi mama kwa vidole inaweza kupimwa kwenye vielelezo vyenu vya samaki wachanga." Nikataja mkusanyiko ulikohifadhiwa na idadi niliyoiona kwenye GBIF. Nikapata nafasi mbili kwa mpigo.

Msomaji wa barua yako amesoma barua mia za watu wanaopenda sayansi. Mpe swali. Na swali lako zuri kuliko yote huenda uko nalo tayari, kutoka shambani kwa bibi, kwenye mwalo, machimboni, msituni. Ujuzi wa mama yangu haukuandikwa kokote, lakini ni ujuzi, na niliuandika bila kuupunguza wala kuupamba.

Mwandikie pia mtafiti mwenyewe mwezi Novemba, kabla ya maombi. Sisi tumefundishwa salamu ndefu kwanza: habari za nyumbani, za kazi, za watoto. Kwenye barua pepe ya huku sentensi ya kwanza useme wewe ni nani, ya pili swali lako, ya tatu uulize kama anapokea wanafunzi kiangazi kijacho. Mwite Dr. na jina la ukoo. Asipojibu wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa upole, kisha mwache.

Barua za kukupendekeza huwa mbili. Waombe walimu wiki sita kabla, ukiwapa barua yako, wasifu wako na tarehe ya mwisho. Mmoja wangu alikuwa mwalimu wa maabara ya kemia, mwingine msimamizi wangu kiwandani. Watu walinicheka kwa huyo wa pili. Lakini aliandika kuwa kwa miezi kumi na nane sikukosea kuandika uzito wa boksi hata moja, na mtafiti aliniambia baadaye kuwa sentensi hiyo ndiyo iliyomfanya asome ombi langu mara ya pili.

Ukishafika

Samaki wa makumbusho hulowekwa kwanza kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi, ili nyama isioze, kisha huhamishiwa kwenye spiriti ya asilimia 70 ambamo hukaa miaka na miaka. Kanuni za mezani nilizofundishwa siku ya kwanza: chupa moja tu ifunguliwe kwa wakati mmoja. Lebo isitengane na samaki hata kwa dakika. Samaki asikauke, mfunike kitambaa kilicholowa spiriti ukiwa unapima. Andika kwa penseli, maana spiriti hula wino wa kalamu ya kawaida. Ukizishika hizo nne, watakuamini mapema.

Kazi yangu ilikuwa kupima kwa kalipa, kifaa cha kupimia chenye taya mbili, urefu wa mwili na kimo chake, yaani kutoka mgongoni hadi tumboni, kisha kuhesabu miiba na vijiti laini vya pezi la mgongoni. Unamlaza samaki chini ya darubini, unaunyanyua utando wa pezi kwa sindano, unahesabu kutoka kichwani kwenda mkiani. Miiba ni rahisi, inachoma. Vijiti laini vinachanganya, na cha mwisho kuliko vyote: mara nyingi kinaonekana kama viwili vilivyotoka kwenye shina moja. Mimi nilivihesabu viwili. Kanuni ni kwamba hivyo ni kimoja.

Nilikuwa na shaka tangu samaki wa tatu. Sikuuliza. Msimamizi wangu alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, na mimi nimelelewa kutomsumbua mkubwa akiwa kazini. Aligundua mwenyewe wiki iliyofuata, nikiwa nimefika samaki wa 63. Ilibidi niwafungue wote upya, siku tatu nzima. Hakunigombeza, alihuzunika tu kuwa nilibaki na shaka peke yangu. Mdogo wangu, hapo makumbusho heshima ni kuuliza. Watakuambia uwaite kwa jina la kwanza. Ukishindwa, kama nilivyoshindwa mimi, endelea na Dr., lakini uliza. Uliza siku hiyohiyo.

Pesa: mwaka wangu posho ilikuwa dola 6,000 kwa wiki 10, na malipo ya kwanza yalikuja wiki ya tatu. Nenda na akiba ya chakula na basi ya mwezi mzima. Mara nyingi posho haikatwi kodi inapolipwa, lakini kodi unadaiwa, hivyo weka sehemu kando. Nyumbani nao waambieni mapema kiasi mtakachoweza kutuma, kabla hamjaondoka.

Wiki ya mwisho utatengeneza bango na kulieleza mbele ya watu. Kwenye langu samaki walijigawa makundi mawili kwa uwiano wa kimo na urefu, migebuka wembamba upande mmoja, masangala upande mwingine. Jizoeze kusema kwa dakika tatu, kwa sauti, mbele ya mtu asiyejua samaki.

Kwa mnaosoma mkiwa nyumbani Afrika Mashariki: milango mingine ni Makumbusho ya Taifa Nairobi kwa likizo ndefu, kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, kilichoko Kigoma, na kituo cha utafiti wa ziwa cha Uvira. Na ile mbinu ya GBIF inafanya kazi popote.

Kabla hujarudisha ufunguo, omba nakala ya jedwali lenye namba za vielelezo vyote ulivyopima, ili siku ukitaka kuandika makala uweze kuwarudia samaki walewale. Mimi langu ninalo. Usiku wa mwisho nilimpigia mama kwa video, nikamwonyesha picha mojamoja, na yeye akataja: huyu mgebuka, Warundi wanamwita mukeke, huyu sangala bado mtoto, huyu hapana, huyu niachie nimtazame vizuri. Niliandika alichosema kwenye safu ya mwisho. Msimamizi wangu akaomba nayo nakala ya safu hiyo.