Kufukua nyumba ya Wathule kwenye kisiwa cha Skraeling

Kisiwa hiki karibu na Ellesmere, Nunavut, kaskazini mwa Kanada, hakina wakazi, ila nyumba zake za karne ya 13 za Wathule, mababu wa Wainuiti, zilitoa ribiti za mashua na kitambaa cha sufu vya Wanorse, watu wa asili ya Skandinavia.

Kibali kwanza. Pima miraba ya mita 1, bandua majani, kisha mwachie jua kazi: udongo ulioganda huyeyuka sentimita chache kwa siku. Kwangua uliolainika kwa mwiko. Sururu itapasua pembe na mfupa. Sufu ifungwe ingali na unyevu, ikae baridini. Ikikauka haraka hukakamaa na nyuzi kukatika.

Chuma kikitoka, sumaku haisaidii kujua kama ni cha Wanorse. Pima nikeli: chuma cha kimondo cha Cape York, Greenland, kinayo nyingi.

Umri upimwe kwa vijiti vilivyoota hapohapo. Magogo yaliyoletwa na bahari, na mifupa ya sili, huzidisha miaka.