Somo: Kupima mwanga halisi unaotoka kwenye mashine ya IPL

Tarakimu inayoonekana kwenye skrini ya mashine ya IPL, ile ya saluni inayoondoa nywele za mwilini kwa miweko mikali ya mwanga, ni kiasi cha mwanga kilichoagizwa, si kiasi kilichotoka. Taa yake ya zenoni huchakaa kila inapowaka: ncha zake humong'onyoka, na kioo chake huingia weusi kwa ndani. Mhudumu huona nywele hazidondoki kama zamani, akapandisha kiwango kidogo kidogo, na siku taa mpya inapofungwa akasahau kukirudisha. Niliwahi kuitwa kwenye saluni moja hapa Malindi siku mbili baada ya kazi ya namna hiyo, nikaonyeshwa mguu wa bibi harusi wenye mistatili minne ya malengelenge, kila mmoja sawasawa na kioo cha mbele cha mashine. Ngozi nyeusi kama zetu ina melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi na nywele, nayo huunyonya mwanga kabla haujafika kwenye shina la nywele. Kwa hiyo kosa la jouli chache (jouli ni kipimo cha nishati), ambalo ngozi nyeupe ingelivumilia, kwetu huwa jeraha.

Kipimanishati chenye cheti cha usahihi ndicho kinachotakiwa, na njia ninayoieleza hapa haichukui nafasi yake. Inachofanya ni kukuonyesha mwezi hadi mwezi kama mashine yako imebadilika.

Kwanza, pata kipande cha alumini chenye urefu wa milimita 60, upana wa 30 na unene wa 10. Kitakuwa na uzito wa karibu gramu 49, na kila kinapopanda nyuzi 1 ya joto kitakuwa kimemeza takriban jouli 44. Toboa tundu jembamba ubavuni la kuingiza waya wa kipimajoto kinachosoma sehemu ya kumi ya nyuzi. Upande mmoja paka rangi nyeusi isiyong'aa, ile inayopakwa ekzosi za pikipiki, kwa kuwa rangi ya kawaida huungua kwa mweko wa kwanza na kuharibu kipimo.

Pili, laza kipande juu ya povu gumu la plastiki ili joto lisitorokee mezani, zima feni, na funga dirisha. Wakati wa kusi upepo peke yake unatosha kukupotosha. Vaa miwani ya kinga, nawe uwahakikishie miwani wote waliomo chumbani, maana melanini ya machoni nayo huunyonya mwanga huu. Usifungue mfuniko wa mashine kwa hali yoyote, kwani kapasita zake, yaani vihifadhi umeme vya ndani, hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Tatu, ushike mkono wa mashine kioo kikiwa milimita 2 juu ya rangi, bila kugusa. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kioo hicho hupozwa, kwa hiyo kikigusa alumini kitaiba joto unalolipima. Ukikiinua mno, mwanga utatawanyika nje ya kipande.

Nne, andika joto la mwanzo, piga miweko 5 ukipumzika sekunde tatu kati yake, kisha andika joto la juu kabisa litakalofikiwa. Tuseme skrini inadai jouli 10 kwa sentimita mraba, na kioo ni milimita 50 kwa 15, yaani sentimita mraba 7.5. Joto likipanda nyuzi 6.2, zidisha kwa 44 upate jouli 273. Gawanya kwa 5, kisha kwa 7.5. Jibu ni 7.3, pungufu ya kilichoagizwa kwa zaidi ya robo. Pima kila filta, yaani kioo kinachochuja mwanga, peke yake, kwa sababu filta ya nanomita 640 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) hukata mwanga mwingi kuliko ya 560.

Maswali ya wanachama

Mwenye saluni, Lamu: Fundi, simu yangu ina programu ya kupima mwanga. Haiwezi kuniondolea kazi ya kukata alumini?

Haiwezi, dada yangu. Programu hizo hupima luksi, kipimo kinachofuata uwezo wa jicho la mwanadamu, ilhali IPL hutoa mwanga hadi karibu nanomita 1200, na kuanzia 700 hivi jicho halioni karibu chochote. Tena mweko ni wa milisekunde chache tu.

Mhudumu, Malindi: Mbona hatupaki jeli kwenye alumini, na juu ya ngozi tunaipaka?

Jeli ingebeba joto na kuchafua rangi. Lakini umegusa jambo la maana: bila jeli, sehemu ya mwanga hurudishwa na uso wa kioo, kwa hiyo mteja hupata zaidi kidogo ya ulichopima. Usilifanye jibu lako kuwa ruhusa ya kuongeza.

Mhudumu, Malindi: Maji ya tangi la mashine yalipungua nikaongeza ya kisima. Sasa kipimo kimeshuka.

Yamwage leo hii. Taa imo ndani ya maji hayo na ina volti za juu. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na chokaa yake huganda kwenye kioo cha taa. Suuza mara mbili kwa maji yaliyoondolewa madini, jaza hayohayo, kisha pima tena kwa kiwango kilekile. Kipimo kisiporudi, taa itolewe ikaguliwe, na hadi hapo usimwekee mteja mashine hiyo wala usipandishe kiwango ili kufidia.