Mambo ya Kuweka Sawa Kabla Hujaacha Ajira Ukatengeneze Programu Yako ya Grafiki

Wengi wanaopanga kuacha ajira ili wajitegemee kwa programu yao ya grafiki huanza kwa kuhesabu akiba. Akiba ina umuhimu wake, nitaifikia. Lakini cha kwanza ni mkataba wako wa ajira, kwa sababu ukikosea hapo unaweza kujenga programu nzuri kwa miaka kadhaa kisha ukaambiwa si yako.

Utafute mkataba huo pamoja na kila karatasi uliyotia saini baadaye: makubaliano ya usiri, kanuni za maadili, hata fomu ya kupokelea kompyuta. Soma kipengele cha uvumbuzi na hakimiliki. Katika kampuni nyingi za teknolojia kipengele hicho humpa mwajiri haki juu ya unachobuni ukiwa mwajiriwa, na mara nyingine hakitenganishi saa za kazi na saa zako za usiku. Sheria nazo hutofautiana. Jimbo la California, kwa mfano, humlinda mfanyakazi aliyebuni kitu kwa muda wake mwenyewe, bila vifaa wala siri za mwajiri, ila ulinzi huo hauhusu kitu chenye uhusiano na biashara ya mwajiri au utafiti wake. Hapo ndipo wengi wetu wa grafiki tunaponasa. Ukiwa mchana unaandika programu ya kurenda, yaani kuzalisha picha ya mwisho kutoka kwenye maumbo ya kompyuta, kwa ajili ya kampuni, na usiku unaandika programu ya kurenda kwa ajili yako, kusema kwamba kompyuta ilikuwa yako hakutoshi. Omba ruhusa kwa maandishi, au subiri hadi siku ya kutoka ndipo uanze kuandika msimbo. Na umlipe mwanasheria anayejua mambo ya ajira na hakimiliki azisome karatasi zote. Hapa sishauri kubana matumizi hata kidogo.

Mkataba ukikuruhusu, tunza kumbukumbu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tumia kompyuta uliyoinunua mwenyewe, akaunti zako, intaneti yako na leseni zako. Tunza msimbo kwenye Git, mfumo unaorekodi kila badiliko, tangu siku ya kwanza ili historia yake ionekane. Usichukue hata kipande kidogo cha msimbo wa kazini, hata kama wewe ndiye uliyekiandika na unakikumbuka kwa kichwa.

Baada ya hapo jiulize programu yako itafanya nini, na nani atakwama ikikosekana. Mtu mmoja hana nguvu ya kushindana na programu inayochonga maumbo, kuyapa mwendo, kurenda na kuhariri video kwa pamoja. Ana nguvu ya kufanya jambo moja vizuri mno. Programu ya Aseprite, iliyoanzishwa na David Capello mwaka 2001, ilijikita kwenye michoro ya pikseli na animesheni zake, na watengenezaji wa michezo ya kompyuta wanailipia mpaka leo. Photopea ya Ivan Kutskir huhariri picha ndani ya kivinjari, na hufungua faili za PSD, yaani za Photoshop, ambazo watu tayari wanazo. Naamini hilo la mwisho lina uzito kuliko wingi wa zana. Msanii hahamii programu mpya kama kazi zake za miaka iliyopita hazifunguki humo. Kwa hiyo hakikisha mapema kwamba yako inasoma na kuandika fomati zinazotumika: glTF ya maumbo ya 3D, OpenEXR ya picha, na USD ya mandhari nzima za 3D, ambayo Pixar waliifungua kwa wote mwaka 2016. Hizo zina maelezo yaliyo wazi. FBX, fomati nyingine ya 3D, ni mali ya kampuni ya Autodesk na undani wake haujachapishwa, kwa hiyo itakula muda wako kuliko unavyodhani.

Sasa kuna jambo ambalo ofisi hulificha bila kukusudia. Kazini, programu ikitoka mikononi mwako kuna watu wanaoijaribu kwenye mashine za kila aina. Ukitoka, kazi hiyo ni yako. Chukua sheda, yaani ile programu ndogo inayoendeshwa na kadi ya grafiki yenyewe. Umesahau kukipa kigezo kimoja, yaani nafasi inayobeba namba, thamani ya mwanzo. Kwenye kadi yako draiva, yaani programu inayoiongoza kadi, inakipa sifuri na picha inatoka safi. Kwenye kadi ya kampuni nyingine kigezo hichohicho kinabeba takataka iliyobaki kwenye kumbukumbu, na mteja anaona madoa meusi usoni mwa mhusika wake. Wewe huoni kitu. Mfano mwingine ni Windows: kwa kawaida, kadi ikishindwa kujibu kwa sekunde 2 mfumo huianzisha draiva upya, skrini inazima na kuwaka, na programu yako inaanguka. Hesabu inayochukua nusu sekunde kwenye kadi yako kubwa huenda ikachukua sekunde tatu kwenye laptopu ya mwanafunzi. Dawa yake ni kuigawa picha vipande vidogo na kuituma kazi kidogokidogo, lakini huwezi kuitafuta dawa kama ugonjwa hujauona. Kabla ya kuacha kazi, kusanya laptopu chache kuukuu, ikiwemo yenye kadi dhaifu ya Intel na yenye AMD. Zilizotumika zinatosha.

Chagua pia mfumo wa uendeshaji utakaoanza nao, na njia ambayo programu yako itazungumza na kadi ya grafiki. Apple walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaiacha OpenGL, njia ya zamani ya kuiamuru kadi, wakielekeza watu kwenye Metal, njia yao wenyewe. Vulkan, njia nyingine iliyotoka mwaka 2016, inakupa udhibiti mkubwa, ila inakuachia wewe kupanga kumbukumbu na zamu za kazi. Mimi ningeanza na mfumo mmoja wa uendeshaji, niukamilishe. Uanachama wa watengenezaji wa Apple ni dola 99 kwa mwaka, na programu ya Windows isiyo na saini ya kidijitali humtokezea mteja na onyo la kutisha. Ziweke gharama hizo kwenye bajeti.

Leseni iamuliwe mapema. Ukishapokea michango ya msimbo kutoka kwa wengine, kubadilisha leseni kunahitaji idhini ya kila mwenye hakimiliki. Kagua pia maktaba unazotumia: maktaba yenye leseni huria ya GPL haiwezi kuingia ndani ya programu unayoisambaza bila kutoa msimbo wake. Wanaotegemea michango ya fedha ya umma huitaja Blender, programu huria ya 3D. Kampuni iliyokuwa nyuma yake ilifungwa mwaka 2002, mwanzilishi wake Ton Roosendaal akaendesha kampeni iliyokusanya euro 100,000 kwa wiki saba, na msimbo ukatolewa kuwa huria. Ni habari ya kutia moyo kweli, ila wakati huo programu ilikuwa tayari na watumiaji wengi walioipenda. Yako bado haina. Krita, programu ya kuchora, nayo hutolewa bure kwenye tovuti yake na kuuzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam, njia ambayo naona inafaa kufikiriwa. Kumbuka tu kwamba duka hilo kwa kawaida hukata asilimia 30, na kwamba mauzo ya mwezi huu hayafiki benki mwezi huu.

Akiba, basi. Hesabu matumizi ya nyumba yako bila senti moja ya mauzo, uongeze bima ya afya na kodi, vitu ambavyo mwajiri alikuwa akivishughulikia bila wewe kuviona. Mwenza wako auone mchanganuo huo, na akubali kwa moyo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni wateja wasiokujua. Sifa za marafiki usizihesabu. Watu kadhaa wa mbali wakilipia toleo la mwanzo, wakakuandikia kulalamika kwamba brashi inachelewa, ujue wanaitumia. Pima pia muda unaotumia kuwajibu, kwa sababu utatoka kwenye saa za kuandika msimbo.

Barua ya kuacha kazi iwe fupi: siku yako ya mwisho na shukrani. Usieleze programu yako humo. Angalia kama mkataba unakukataza kuwashawishi wenzako wakufuate. Rudisha vifaa na upewe hati ya makabidhiano yenye saini. Leseni za ofisini ulizozoea kujaribia faili zitazimika jioni hiyohiyo, kwa hiyo nunua zako kabla.